Nichague Computer Science, Software Engineering au Computer Engineering? Baba anataka niwe injinia

BintiKahama

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu mambo vipi.

Nimemaliza form six mwaka huu, kombi PCM, matokeo yametoka nina div 2 ya pointi 10, hesabu za advance B, Fizikia D, Kemia D. Tangu nimalize mitihani nipo kwenye stationery ya mama mdogo hapa Kahama karibu na stendi, tunatoa kopi, tunachapa barua, na kipindi hiki kazi kubwa ni kuwaombea watu vyuo na mikopo ya HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Nimeshawajazia watu zaidi ya thelathini, huyu Computer Science, yule Information Systems, mwingine Cyber Security, na kila nikimuuliza mtu kwa nini kachagua hiyo ananijibu "nimesikia ina ajira". Sasa yangu ndo imenishinda kujaza, mana sitaki na mimi nijibu hivyo hivyo.

Kilichonivuta kwenye kompyuta ni hiki. Mama mdogo alikuwa na daftari la madeni, walimu wa shule za jirani wanatoa kopi za mitihani kwa mkopo afu wanalipa mwisho wa mwezi. Siku moja likamwagikiwa chai, kurasa zikashikana, madeni mengine yakapotea hivyo hivyo. Nikamuomba nilihamishie kwenye Excel, nikawa nakaa nalo usiku baada ya kufunga duka, wiki nzima, mpaka ikafika mahali ukiandika jina la mwalimu linakuja deni lake lote na tarehe ya mwisho aliyolipa. Siku ilipokubali nilimuamsha mama mdogo saa saba usiku nikamuonyesha. Raha ile sijawahi kuipata darasani hata siku moja.

Baba yangu ni fundi umeme wa majumbani, ngazi yake na plaizi yake ndo vimenisomesha mpaka hapa. Anataka nisome Computer Engineering, anasema mtu akiitwa injinia anaeleweka popote, ila hiyo Computer Science ni hii hii kazi ya stationery isipokuwa umeilipia ada. Najua hakusema kwa ubaya, anaogopa nisije nikarudi nyumbani na cheti bila kazi, lakini neno lile liliniuma sana.

Machaguo niliyonayo kichwani ni Computer Science (CS) ya UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ni miaka 3, Software Engineering (SE) ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, miaka 4, na Computer Engineering (CE) ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, nayo miaka 4. Tofauti yake hasa ni nini? Hiyo D yangu ya Fizikia itanisumbua? Na mtu asiye na laptop anaanzaje, mana hii ya stationery ni ya kazi na mama mdogo hawezi kuniachia.

---

mzee_wa_query

Marahaba binti, na hongera, B ya hesabu za advance watu wanaililia.

Mimi nilisoma Computer Science, nina miaka tisa kazini, nipo Dar naandika mifumo ya malipo. Nitakujibu kirefu kidogo kwa sababu mwaka ule najaza fomu hakuna aliyenieleza haya.

Kwanza usichague kwa jina la digrii. Majina haya kila chuo kinajiwekea, unaweza kukuta IT ya chuo hiki ndani yake ni moduli zile zile za CS ya chuo kile. Ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta prospektasi, nenda ukurasa wa kozi yenyewe usome moduli semista kwa semista mpaka mwaka wa mwisho, ukweli wote uko pale. Ukiona Discrete Mathematics, Data Structures, Operating Systems, Compilers, Theory of Computation basi hiyo ni CS hata kama wameipa jina jingine. Ukikuta saketi, elektroniki, mikroprosesa na signals, hiyo ni ya mainjinia. Ukikuta databesi imechanganywa na uhasibu, uongozi wa miradi na namna ofisi zinavyoendeshwa, hiyo ni Information Systems. Software Engineering inabeba mengi ya CS, halafu inaongeza namna ya kujenga mfumo mkubwa mkiwa watu wengi, kuanzia kumsikiliza mwenye shida mpaka kuutunza mfumo miaka kumi baadaye wakati aliyeuandika keshahama.

Sasa nikupe mfano wa CS yenyewe inavyofikiri, na nitatumia daftari la mama yako mdogo. Tuseme lina majina milioni moja na yamekaa ovyo tu. Kumtafuta mwalimu mmoja unaweza ukajikuta umepitia yote milioni. Haya yapange kwa alfabeti, fungua katikati kabisa, jiulize jina ninalotafuta liko kabla ya hapa au baada? Ukishajua, nusu nzima umeitupa. Iliyobaki nayo fungua katikati, tupa nusu. Ukienda hivyo hatua 20 zinatosha kumpata mtu mmoja kati ya milioni, kwa sababu 2 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 20 unapata 1,048,576. Na majina yakiongezeka yakawa milioni mbili, unaongeza hatua moja tu.

Kama umesoma hapo ukasikia kitu kimeshtuka moyoni, wewe ni mtu wa CS au SE. Kama umejiuliza ndani ya mashine umeme unapita wapi mpaka ijue hiki ni kidogo na kile ni kikubwa, hilo ni swali la CE. Na kama ulichowaza ni "sawa, lakini mama mdogo mwenyewe ataweza kuitumia?" basi kaiangalie Information Systems kwa makini, usiidharau.

Mimi mwaka wa kwanza nilifeli Data Structures nikapata sapu, mtihani wa kurudia. O-level na advance nilikuwa yule kijana wa kompyuta, naweka Windows, naondoa virusi, mtaa mzima wananiita, nikaenda chuo nikiamini najua. Kumbe kujua kuitumia ni kitu kingine na kujua kuifikirisha ni kitu kingine. Nilikaa likizo nzima na karatasi na kalamu, bila kompyuta, nachora kila hatua. Baada ya hapo sikufeli tena moduli yoyote ya programu. Nakwambia hili kwa sababu baba yako anadhani CS ni kuendelea na stationery, na wapo wanafunzi wengi wanaoingia wakidhani hivyo hivyo, na wakifika kwenye hesabu ndo wanahama kozi. Wewe hesabu unazo.

---

kijana_wa_Tabata

Mdogo wangu mi nakwambia ukweli mchungu, achana na hizi kozi zote. AI saivi inaandika programu kwa dakika mbili, miaka mitatu minne ijayo ukimaliza hakuna kazi ya kuandika programu itakayobaki. PCM hiyo hiyo nenda kasome ualimu wa hesabu au geomatics (upimaji wa ardhi) au chochote ambacho kinahitaji mtu aguse kwa mikono. Nina rafiki zangu wawili wana digrii za IT wapo tu mtaani mwaka wa tatu huu, mmoja anaendesha bodaboda. Sisemi kwa kukukatisha tamaa, nasema kwa sababu nimewaona kwa macho.

---

Injinia_Dada

BintiKahama mdogo wangu, mfikishie baba yako shikamoo yangu. Mimi ni injinia wa kompyuta kwa digrii, nilianzia kwenye minara ya simu, sasa nipo kwenye vifaa vya kupimia. Naomba hii umsomee yeye, sio ujisomee mwenyewe.

Baba, kila nyumba unayofunga nyaya mwisho wake ni mita ya LUKU. Mtu ananunua umeme kwa simu anapewa namba ya tarakimu 20, anaibonyeza ukutani, taa zinawaka. Lakini ile mita kwa kawaida haina laini ya simu wala intaneti. Inajuaje kwamba namba hiyo imelipiwa na sio mtu amejitungia tu? Ni kwamba ndani ya zile tarakimu kumefichwa kiasi cha uniti na muda namba ilipotengenezwa, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao mita hiyo inao. Mita inafungua, ikikuta mambo yamekaa sawa na namba haijawahi kutumika, inapandisha uniti.

Halafu utakumbuka mwaka 2024 watu waliambiwa waboreshe mita zao, unaingiza kwanza namba nyingine ndefu ndo unaingiza ya umeme, na mafundi walipigiwa simu usiku na mchana. Sababu yake hii hapa. Muda kwenye namba hizo unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kuandikia hizo dakika ni biti 24, yaani vijinafasi 24 ambavyo kila kimoja kinabeba 0 au 1 tu. Biti 24 zinatosha kuhesabu dakika 16,777,216 na haziendi zaidi. Ukipiga hesabu ni karibu miaka 32, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Haikuwa Tanzania peke yake, ni mita za mfumo huo dunia nzima. Mita ambayo haikuboreshwa isingekubali tena namba mpya, imekaa ukutani nzima kabisa na waya zake zote ziko sawa.

Sasa gawa kazi hapo. Ile mita yenyewe, chipu iliyomo ndani, kipimo cha mkondo wa umeme, swichi inayokata, hiyo ni Computer Engineering na umeme pamoja. Hesabu za kufunga na kufungua siri kwenye tarakimu 20, hiyo ni Computer Science. Mfumo unaopokea hela kutoka kwenye simu za watu nchi nzima na kurudisha namba bila kukosea, hiyo ni Software Engineering. Na yule aliyetakiwa kufikiria bibi wa kijijini asiyejua kusoma ataelezwaje habari ya kuboresha mita, huyo ni wa Information Systems, na mkiuliza watu waliokuwa vijijini mwaka ule watawaambia hiyo ndo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Kwa hiyo baba hakuna hata mmoja kati ya hao anayefanya kazi ya stationery.

Turudi kwako binti. Faida ya CE ambayo CS haina ni usajili. Ukimaliza unaweza kujisajili bodi ya wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, halafu kuna mafunzo yao ya SEAP, miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ukikamilisha unaomba kuwa Professional Engineer. Ni kitu cha kisheria kabisa na kwenye tenda na miradi mikubwa kinahesabika. Hapo baba yako ana hoja ya kweli.

Lakini na mimi nikupe upande wa pili. Fizikia D haikufungii mlango kama kozi inaipokea, ila mwaka wa kwanza na wa pili utakuwa unakula saketi na elektroniki asubuhi mpaka jioni, maabara, ripoti, na kama huvipendi itakuwa miaka miwili mirefu sana. Mimi nilivipenda, nilikuwa nabaki maabara mpaka mlinzi anakuja kunitoa. Jiulize hivi, huyo baba yako amekuwa akifungua maboksi ya umeme mbele yako tangu uko mdogo, je ulishawahi kumwomba akuonyeshe mle ndani? Jibu la hilo swali lina uzito kuliko D yako.

---

mzee_wa_query

Injinia_Dada asante, mimi miaka yote hii sijui habari ya hizo dakika za LUKU.

Kijana_wa_Tabata nimekusoma na sikubezi, hao marafiki zako wapo na wengine nawajua na mimi. Lakini ngoja nieleze ninachokiona kazini kila siku. AI naitumia, inaniandikia vipande vingi. Miezi michache iliyopita kijana wetu mmoja aliitumia kuandika sehemu ya kupokea malipo ya simu, ikaandika vizuri, ikapita kila jaribio alilolifanya. Tatizo mtandao wa simu ukisuasua mteja anabonyeza mara mbili, na hata mtandao wenyewe unaweza kutuma taarifa ya malipo yale yale mara mbili kwa sababu haukupata jibu letu. Programu ile haikuangalia kama namba ya muamala imeshaingia. Mteja analipa elfu hamsini mara moja, kwenye vitabu inasoma laki. Tuliikamata kabla haijaenda kwa wateja kwa sababu dada mmoja hapa ofisini aliuliza swali moja tu, "ikija mara mbili inakuwaje?"

AI haikuuliza hilo swali, na kijana hakuuliza pia kwa sababu alikuwa hajui kwamba ni la kuuliza. Kuna jingine dogo zaidi, mwambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwenye lugha nyingi za programu uone, haikupi 0.3, inakupa 0.30000000000000004, kwa sababu ya namna inavyohifadhi desimali kwa kutumia 0 na 1 tu. Mtu asiyelijua hilo akipewa mfumo wa hela na AI yake pembeni ataharibu vitabu vya watu.

Kwa hiyo binti, kazi ya mtu aliyesoma juu juu, anayenakili programu na kubandika, hiyo inaondoka kweli na Tabata yuko sahihi. Nafasi za vijana wanaoanza zimekuwa finyu kuliko wakati wangu, hilo siwezi kukuficha. Ndo mana nasisitiza chagua kozi yenye mizizi, hesabu, algorithimu, operating systems, netiweki, databesi, hata kama ina jina lisilovutia. Hivi vitu vilikuwepo kabla yangu na lugha za programu zimekuja na kupita vikiwa pale pale.

---

Afisa_Tehama_Wilayani

Salaam wana jukwaa. Mimi ni afisa TEHAMA halmashauri moja ya kanda ya ziwa, nimesoma Information Systems, na kuna kitu wakubwa hapo juu wamekipita.

Wanasema jina la digrii lisikusumbue. Kwa sekta binafsi sawa, wanakupa jaribio la kuandika programu na mambo yanaishia hapo. Serikalini jina lina kazi. Tangazo la Ajira Portal linataja shahada kwa majina, Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta na kadhalika, na wewe BintiKahama unawajazia watu hizo kazi kila siku kwa hiyo una bahati kuliko sisi, fungua matangazo matano ya afisa TEHAMA daraja la pili uyasome mwenyewe, uone majina gani yanajirudia. Kozi zenye majina mapya mapya yaliyotungwa juzi zinawapa vijana shida wakati wa kuchuja. Hizo tatu ulizotaja ni majina yanayojulikana, hapo uko salama.

Na kazi yenyewe niieleze ilivyo. Siku yangu ni printa, rauta, mfumo wa fedha wa MUSE umegoma kufunguka kwa mhasibu, mfumo wa hesabu za shule kwa walimu wakuu, mfumo wa wagonjwa wa GoTHOMIS kwenye vituo vya afya. Kuandika programu ni mara chache mno, mifumo mingi inajengwa Dodoma au na taasisi zenyewe sisi tunaiendesha. Ukitaka kujenga mifumo serikalini lenga eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, au idara za TEHAMA za taasisi kubwa.

Hoja ya Injinia_Dada kuhusu bibi wa kijijini naiunga mkono kwa moyo wote. Kuna kituo kimoja nilichowahi kukihudumia, tulipeleka mfumo wa kusajili wagonjwa, mzuri, ulijaribiwa vizuri. Fomu ya kumsajili mgonjwa ilikuwa na maswali kumi na nne. Muuguzi yuko mmoja, foleni imetoka nje mpaka chini ya mwembe, akina mama wana watoto wenye homa mgongoni. Wiki ya pili nikaenda nikakuta kompyuta imefunikwa kitambaa na lile daftari kubwa limerudi mezani. Sikuwa na la kumlaumu yule dada. Tukakaa naye siku nzima, tukaona maswali manne tu ndo yanahitajika mgonjwa akiwa amesimama dirishani, mengine yanaweza kujazwa baadaye. Tukaomba ibadilishwe na daftari likaondoka. Hakuna moduli ya Compilers ingenifundisha kukaa na yule muuguzi, na wewe ulishafanya hivyo kwa mama yako mdogo bila kufundishwa na mtu.

---

BintiKahama

Wakubwa asanteni mno, nimesoma zote mara mbili na zingine nimetoa kopi.

Dada Injinia lile swali lako nimelifikiria kuanzia jana. Ukweli nimebeba ngazi ya baba tangu darasa la tano, likizo zote, namjua fyuzi namjua brekapanel, ila hapana, sijawahi kumwomba anionyeshe mle ndani. Nilichokuwa namsaidia kwa kupenda ni kumwandikia orodha ya vifaa na kupiga hesabu ya nyaya mita ngapi kila chumba ili asinunue zaidi, nikamtengenezea mpaka jedwali lake kwenye daftari. Sikuwahi kuliona hilo mpaka ulipouliza.

Kaka wa query, mfano wa daftari ulinishtua kweli kama ulivyosema, nilimsimulia mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho.

Nimeingia kwenye tovuti za vyuo nikatoa moduli za kozi zote tatu nimezibandika ukutani. Swali langu lililobaki ni SE na CS. Mwaka mmoja zaidi ni hela, nina wadogo zangu wawili nyuma. Na laptop bado hamjanijibu jamani.

---

mzee_wa_query

Laptop usikubali mtu akutishe kwamba lazima iwe mpya ya milioni mbili. Mimi nilisoma na ThinkPad ya mtumba, na vijana wengi wazuri ninaowajua walianza na ThinkPad au HP EliteBook za Kariakoo. Angalia vitu viwili, RAM isipungue GB 8 na diski iwe SSD, hata ya GB 256 inatosha. Kabla hujalipa iwashe bila chaja uone betri inakaa muda gani, bonyeza kitufe kimoja kimoja cha kibodi chote, fungua kamera, jaribu Wi-Fi. Wengi wanasubiri boom la kwanza, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ndo wananunua, ila boom lina chakula na malazi ndani yake kwa hiyo ukiweza kuweka akiba kidogo kidogo hapo stationery anza sasa.

Kwa leo simu yako inatosha. Kama ni Android pakua Pydroid 3, ni programu ya kuandikia Python na ikishaingia inafanya kazi bila bando. Halafu kozi ya CS50 ya Harvard ni ya bure mtandaoni, video zake pakua usiku kwa bando la usiku utazame mchana. Usikimbilie kumaliza, kila zoezi lifanye mwenyewe.

SE na CS kwa upande wa kazi ya kuandika mifumo hakuna atakayekubagua. Kama mwaka mmoja wa ada una maana kubwa nyumbani kwenu, CS ya miaka 3 ni uamuzi wa heshima kabisa. Kama mkopo utakuja wa kutosha, SE itakupa muda mrefu zaidi wa miradi.

---

Injinia_Dada

Naongezea moja. Mkopo unalipa ukianza kazi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe, kwa hiyo mwaka wa nne wa chuo sio wa bure hata bodi ikikulipia. Uweke kwenye hesabu yako.

Na kwa majibu yako ya leo, mimi injinia nakwambia usisome CE. Baba atanielewa.

---

kijana_wa_Tabata

Dah, hiyo ya malipo kuingia mara mbili imenifungua macho. BintiKahama sijabadili msimamo wote, ukienda chuo usikae kusubiri cheti tu, wale marafiki zangu hawakuwahi kutengeneza kitu hata kimoja mpaka wanamaliza. Wewe umeshatengeneza kimoja kabla hujaanza.

---

BintiKahama

Nimerudi kuwapa mrejesho.

Jana usiku nilimsomea baba ile ya LUKU. Alisikiliza yote bila kunikatiza, akatoka nje na tochi, nikamsikia anafungua kiboksi cha mita. Aliporudi akasema mwaka ule walikuwa wanamlaumu yeye kwamba amekosea kufunga, nyumba tatu wamemrudisha na yeye hakuwa na la kuwajibu. Akaniuliza, "Kwa hiyo aliyeacha nafasi ndogo ya dakika alikuwa ni wa kozi gani?" Tukacheka. Baadae akauliza ile ya miaka mitatu ada yake ikoje, nikajua amekubali.

Leo asubuhi nimejaza. La kwanza Computer Science ya UDSM, kwa sababu ya wadogo zangu. La pili Software Engineering ya UDOM. Computer Engineering nimeiacha, na baba alikuwepo pembeni nikiiacha.

Kaka wa query, Pydroid imeingia kwenye simu. Nimechukua majina ya wadaiwa wote wa mama mdogo nimeyapanga kwa alfabeti, yako 212, nimeandika ile ya kufungua katikati na kutupa nusu. Imenigomea mara nyingi ilikuwa inazunguka haiishi, nikakuta nilisahau kusogeza mwanzo wa nusu iliyobaki. Sasa inafanya kazi. Nimeijaribu kwa kila jina, hata lililochelewa kuliko yote halikuzidi hatua 8. Ni sawa hiyo au nimekosea?

---

mzee_wa_query

Ni sawa binti. 2 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 7 ni 128 haitoshi, mara 8 ni 256 inatosha. Ni 8.